Shajara ya kitabu cha spishi: kutoka viumbe 12 hadi 5

Siku ya 1

Nimeandika majina 12 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Ni majina ya spishi 12 za kitabu kipya cha mchezo wetu wa kuigiza wa mezani, ule wa safari za anga. Kitabu cha kanuni kilishakamilika: wachezaji wanakaa na msimamizi, msimamizi anaeleza hali, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu 2 za pande sita zinarushwa, na jumla ikifika 8 jambo limetimia. Tulichokosa ni viumbe wa kukutana nao huko angani. Mpaka sasa kila sayari tuliyotua ilikuwa na watu, ila walikuwa na ngozi ya buluu.

Ukomo ni kurasa 96. Mimi naandika, rafiki yangu anachora, na wachezaji wanne wamekubali kujaribu kila sura kabla haijafungwa.

Siku ya 4

Siku nzima nimefanya hesabu ya dadu, na imenifanya nifute nusu ya nilichoandika.

Dadu 2 za pande sita zina matokeo 36. Yanayofikisha 8 au zaidi ni 15, yaani asilimia 42 hivi. Mpe mchezaji nyongeza ya 1, matokeo mazuri yanakuwa 21, sawa na asilimia 58. Mpe 2, yanakuwa 26, asilimia 72. Katika orodha yangu kila spishi ilikuwa na nyongeza ya 2 mahali fulani: huyu nguvu, yule akili, mwingine wepesi wa mikono. Maana yake ni kwamba anayetaka kucheza mpiganaji hana uchaguzi. Atachukua spishi yenye nguvu, na sura nzima niliyoandika juu ya maisha yao ataisoma kama bei iliyobandikwa kwenye bidhaa.

Nimefuta nyongeza zote. Badala yake kila spishi itakuwa na kitu kimoja ninachokiita Sharti: jambo moja la mwili wake ambalo mchezaji hawezi kulikwepa, na linalomlazimisha kuamua tofauti na binadamu. Kama kiumbe hana Sharti la kueleweka kwa sentensi moja, hana nafasi kitabuni.

Jambo la pili la leo ni neno lenyewe. Desemba 2022 wachapishaji wa Dungeons & Dragons, mchezo uliozaliwa mwaka 1974, walitangaza kwamba wanaacha neno lenye maana ya mbari na kuanza kusema spishi, na kitabu chao cha wachezaji cha mwaka 2024 kimefanya hivyo. Nakubaliana nao, ila kubadilisha neno peke yake hakutoshi. Ukiandika spishi ambayo wote ni wachoyo, au wote ni wakali, au wote ni wanyenyekevu, umeyarudisha yale yale waliyosingiziwa watu halisi, safari hii yakiwa na pembe na mkia. Kwa mwili wote wanafanana. Tabia ni ya kila mmoja. Hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa juu ya meza.

Na majina. Nilianza kutunga kwa kutanguliza Wa-, kwa sababu ndivyo mdomo unavyozoea, kisha nikayatafuta moja moja. Mawili kati ya 12 ni majina ya watu waliopo duniani. Yamefutwa. Tangu leo, jina la Wa- litatumika pale tu ambapo ni jina la utani walilopewa na wengine, tena lenye maana inayojulikana. Jina ambalo spishi inajiita yenyewe litabaki lilivyo, bila kiambishi.

Siku ya 11

Mchoraji ameleta picha ya kwanza: Kengeme, kiumbe wa jamii ya wadudu, urefu mita 3, miguu sita myembamba kama sindano. Picha ni nzuri mno. Na kiumbe yule hawezi kusimama.

Mwaka 1638 Galileo alieleza kwa nini mfupa wa mnyama mkubwa hauwezi kuwa nakala iliyokuzwa ya mfupa wa mnyama mdogo. Chukua mdudu wa sentimita 3 umkuze hadi mita 3, yaani mara 100. Uzito wake unakua mara milioni 1, maana unakua kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Eneo la mkato wa mguu, lile linalobeba mzigo, linakua mara 10,000 tu. Kila sentimita ya mraba ya mguu sasa inabeba mara 100 ya mwanzo. Kupumua nako ni shida: mdudu hana mapafu, hewa inaingia mwilini kupitia vijitundu ubavuni na vijibomba vyembamba, na njia hiyo haifiki mbali. Baadhi ya wadudu wakubwa kabisa tunaowajua kwa visukuku, jamaa wa kereng'ende walioitwa Meganeura, miaka milioni 300 hivi iliyopita, walikuwa na mabawa ya takriban sentimita 70 kutoka ncha hadi ncha. Wanasayansi wengi wanahusisha ukubwa huo na hewa ya wakati ule, iliyokuwa na oksijeni nyingi kuliko asilimia 21 ya leo.

Nilimweleza mchoraji. Akanijibu, "Ndugu yangu, miguu hiyo ndiyo uzuri wake." Sikutaka kumvunja moyo, na sikutaka kuchapisha uongo. Tukazungumza mpaka usiku. Tumeipa sayari ya Kengeme mvutano wa robo ya Dunia, tumewapa mapafu, na miguu imenenepa kidogo, ila mchoraji ameitia mikunjo kama nguzo zilizochongwa. Imependeza kuliko ya mwanzo.

Faida kubwa ilikuja mwishoni. Nilimuuliza Kengeme anakuaje, ikiwa gamba lake ni gumu. Lazima ajivue. Na siku akijivua, mwili mkubwa namna ile, mlaini, bila kitu cha kuubeba, utajibonda kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo Kengeme hujivulia majini, akielea, siku kadhaa, hana silaha wala mbio. Sharti limepatikana: *kila baada ya vikao 4 lazima apate maji ya kina na watu wa kumlinda*. Hakuna Kengeme asiye na marafiki, maana asiye nao hakufikia utu uzima. Nimeandika kurasa 6 bila kunyanyua kalamu.

Siku ya 19

Leo nimemtoa Ulimo, na imeniuma. Yeye ndiye niliyempenda kuliko wote 12.

Ulimo alitokana na Titan, mwezi wa Zohali. Chombo cha Huygens kilitua pale tarehe 14 Januari 2005, kwenye ardhi yenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Kuna mito na maziwa, ila kinachotiririka ni metani, gesi iliyogeuka kimiminika kwa baridi, na maji yameganda kuwa mwamba. Nilitaka kiumbe anayeishi kando ya ziwa lile.

Halafu nikapiga hesabu ya mwendo wake. Kwa kanuni ya jumla, ukishusha joto nyuzi 10, shughuli za kikemia mwilini hupungua kasi karibu nusu. Kutoka joto letu hadi la Titan ni nyuzi 200 na ushei, yaani kugawa kwa 2 mara 20. Mbili ikijizidisha mara 20 inafika 1,048,576. Kanuni hiyo haikutungwa kwa pengo kubwa namna hii na kemia ya huko ingekuwa nyingine kabisa, lakini kama makisio inanitosha: neno ambalo mimi nalitamka kwa sekunde 1, Ulimo analitamka kwa siku 12.

Nilijaribu kila njia. Nilifikiria mchezaji wa Ulimo atende mara moja tu katika kikao kizima. Nilifikiria azungumze kwa barua zilizoandikwa kabla. Yote yanaishia pale pale: mtu amekuja kucheza na marafiki zake, na mimi namwambia akae atazame. Sharti linapaswa kumfanya mchezaji aamue, na hili linamnyima nafasi ya kuamua.

Jioni nikapata pa kumweka. Ulimo hatakuwa mhusika, atakuwa mahali. Kuna bonde lenye Ulimo 40 wamesimama kandokando ya ziwa, na wanazungumza. Walioweka vinasa sauti miaka 60 iliyopita wana kurasa chache za mazungumzo yao. Ukitaka kuwauliza kitu, uliza leo, na wajukuu zako watapata jibu. Kurasa 2, basi. Nadhani ndizo kurasa 2 bora nilizoandika mpaka sasa.

Siku ya 33

Wavumi. Hawa wanaishi katika bahari iliyofunikwa na barafu, kwenye mwezi niliouchonga kwa mfano wa Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii. Nimeuweka mvutano ule ule, asilimia 13 hivi ya Dunia, na barafu ya unene wa kilomita 20. Mgandamizo chini ya barafu hiyo unakuja kama mara 240 ya hewa tunayovuta, sawa na kuzama mita 2,400 katika bahari zetu. Giza tupu.

Kwa kuwa hakuna mwanga, nimewapa umeme. Duniani wapo samaki wanaotoa umeme hafifu na kuhisi namna unavyopindwa na vitu vilivyo karibu. Hans Lissmann alitangaza jambo hilo mwaka 1951. Umeme ule ule ni macho na ni sauti. Unapotazama unasikika, na unaponyamaza umekuwa kipofu. Kwa masikio ya mabaharia wa kitabu changu, wakiunganisha waya na kipaza sauti, ni mvumo usiokoma, na ndiko lilikotoka jina.

Shida yao ni wawili wanapokaribiana. Mapigo yao ya umeme yakiwa na kasi inayokaribiana, yanachafuana na wote wawili hawaoni. Hiyo nayo si ya kubuni. Watanabe na Takeda waliieleza mwaka 1963 kwa samaki wa Amerika Kusini: wakikutana, hubadilisha kasi ya mapigo ili wasichafuane.

Kanuni niliyoandika: kila Mvumi anachagua kwa siri namba kati ya 1 na 6. Wakikutana wawili wenye namba moja au zinazofuatana, wote ni vipofu mpaka mmoja ahame. Anayehama anapoteza alama 1 ya heshima. Nimeridhika nayo.

Siku ya 41

Jaribio la kwanza mezani, na kanuni ya Wavumi imeanguka.

Wachezaji wawili walichagua Wavumi. Walikutana kwenye lango la mji, namba 3 na 4. Hakuna aliyehama. Dakika 20 zilipita wakibishana nani apoteze alama, huku wengine wawili wakichezea dadu mezani. Niliwaacha kwa makusudi nione kama watapata njia. Hawakupata, na hawakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyewaandikia spishi isiyoweza kusalimiana.

Siku ya 42

Nimerudi kwa samaki. Nilikuwa nimesoma haraka na kuchukua nusu ya habari. Yule samaki wa kweli hahami peke yake akimwacha mwenzake: mwenye mapigo ya chini anashuka zaidi, mwenye mapigo ya juu anapanda zaidi. *Wote wawili husogea.* Hakuna aliyeshindwa.

Kanuni mpya: wakikutana, mwenye namba ndogo anashuka, mwenye kubwa anapanda, na kila mmoja amejua papo hapo namba ya mwenzake ilikuwa ngapi. Zikiwa sawa, warushe dadu waone nani ashuke. Heshima imeondoka kabisa. Kilichobaki ni kwamba kusalimiana kunakubadilisha: ukitoka sokoni baada ya kukutana na watu 5, hauko pale ulipokuwa asubuhi. Mvumi aliyefika 1 hana pa kushuka tena. Anaishi pembezoni mwa mji, na wenzake wanamwendea kwa utaratibu, mmoja mmoja. Kutokana na kanuni hiyo zimezaliwa nyumba zao, ndoa zao na namna yao ya kuzika, bila mimi kuzitafuta.

Siku ya 47

Wavumi walifikaje angani? Chini ya maji hakuna moto, na bila moto huyeyushi madini. Yapo matundu ya maji moto kwenye sakafu ya bahari. Ya kwetu yaligunduliwa mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos. Yanajenga minara ya madini yaliyochanganyika na salfa, kwa hiyo Wavumi wanayajua madini. Wanayachonga, wanayasaga, lakini hawajawahi kuona chuma kikiwa uji.

Nilitaka kuwapa ujanja fulani wa kikemia. Nimeacha. Hawakujenga chombo. Walipatikana, Kengeme walipotoboa barafu. Kila Mvumi aliyeko angani yumo ndani ya tangi lililotengenezwa na mtu mwingine, na hisi yake ya umeme inafika ukutani mwa tangi, basi. Nje ya pale anaambiwa. Katika jaribio la pili mchezaji mmoja aliuliza kila mara, "Mwenye macho, niambie kuna nini," na baada ya saa moja wote wakawa wanamweleza bila kuulizwa.

Siku ya 58

Oruvi. Hawa nimewatoa kwa pweza. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko mikononi, si kichwani. Mkono unaonja unachogusa. Una uwezo wa kupapasa na kushika bila kusubiri amri ya kila hatua. Watu wengi wanaotunga viumbe huchukua mikono minane na kuacha jambo hilo, kana kwamba wamechukua nguo na kumwacha aliyeivaa.

Kanuni: anayecheza Oruvi anashika kichwa. Mkono mmoja anampa jirani yake wa kulia mezani. Jirani ndiye anayeamua mkono unagusa nini.

Siku ya 63

Jaribio la tatu. Saa ya kwanza ilikuwa ya furaha ambayo sijaiona mezani kwetu kwa muda mrefu. Mkono uliiba funguo, ukamshika bega mlinzi, ukarudi na kipande cha waya. Saa ya pili nikaona mchezaji wa kichwa amenyamaza. Anatazama karatasi yake ya mhusika. Nilisimamisha mchezo nikamuuliza. Akasema polepole kwamba haoni tena kama mhusika ni wake. Kila anachopanga kinavurugwa na mtu mwingine, na akikataa anaonekana mharibifu wa starehe.

Ana haki kabisa. Namshukuru kwamba alisema, maana angeweza kwenda nyumbani na asirudi. Mhusika ni kitu pekee ambacho mchezaji anamiliki mezani. Sayari, hali ya hewa, maadui, vyote ni vya msimamizi. Nilikuwa nimempokonya hicho kimoja na kukiita ubunifu.

Nikarudi tena kwa pweza, kama nilivyorudi kwa samaki. Mkono wake hauna mipango. Hauhasidi wala hauibi. Unajua kile kilicho chini yake, na unavutwa au unasukumwa na ladha yake. Kwa hiyo: jirani sasa haamui kitendo. Msimamizi anamnong'oneza jirani ladha ya kitu kilichoguswa, na jirani anasema neno moja tu kati ya mawili, "nataka" au "sitaki". Kichwa ndicho kinachoamua kufuata au kuuvuta mkono. Ukiuvuta, hutaambiwa kamwe ulikuwa umeonja nini.

Tulicheza tena tukio lile lile, la mlinzi na funguo. Jirani, aliyeonjeshwa bega la mlinzi, alisema "sitaki" kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Kichwa kilikaa kimya kama dakika nzima. Kisha akaondoka, bila funguo.

Siku ya 80

Kurasa za spishi ya Tisuri zimekwisha kwa siku 3, ni haba kupata sura inayojiandika hivi. Chanzo ni wadudu waitwao sikada wa Amerika Kaskazini, wanaokaa ardhini miaka 13 au 17 kisha wanatoka wote kwa pamoja. Mwaka 2024 kundi moja la miaka 13 na jingine la miaka 17 yalitoka pamoja, na mara ya mwisho makundi hayo mawili kufanya hivyo ilikuwa mwaka 1803. Kumi na tatu mara 17 ni 221. Koo mbili za Tisuri hukutana kila baada ya miaka 221, na hakuna aliye hai anayekumbuka walichoahidiana. Kila mhusika wa Tisuri anaanza mchezo akiwa na barua moja isiyofunguliwa.

Spishi nyingine 6 za orodha ya kwanza zimetolewa. Hazikuwa mbaya. Hazikuwa na Sharti.

Siku ya 96

Wakando wamenishinda wiki mbili, na kizuizi kilikuwa lugha yangu mwenyewe.

Sayari yao inazunguka nyota kibete nyekundu, karibu sana nayo, na mvutano wa nyota umeifunga upande mmoja: nusu ina mwanga daima, nusu ina giza daima. Wao wanaishi kwenye ukanda wa katikati, ukingoni, ndiyo sababu ya jina. Nyota haichomozi wala haizami. Imekaa pale pale, imegusa upeo wa macho.

Nikaanza sura: "Mkando hushinda akivua…" Nikasimama. *Hushinda*, kwa maana ya kupitisha mchana. Nikajaribu kukesha, ni usiku. Kumekucha, kutwa, kuchwa, alfajiri, machweo. Mashariki ni kule jua linakotokea, na magharibi ni mahali na ni wakati kwa neno moja. Hata saa zetu tunazihesabu tangu jua lilipochomoza. Sikuwa nimewahi kuona ni kiasi gani Kiswahili kimelalia mwendo wa jua mpaka nilipolazimika kuandika kurasa 14 bila jua kutembea. Maneno hayo yote nimeyafungia nje ya sura. Msomaji asiambiwe, atahisi tu kwamba kuna kitu kimekosekana.

Mahali pa pande nne nimeweka mbili: mwangani na gizani. Kwa mifano ya hali ya hewa ya sayari za aina hii, hewa ya moto hupanda upande wa mwanga na upepo wa chini kwa chini huvuma kutoka upande wa giza kuja upande wa mwanga. Kwa hiyo Mkando aliyefumba macho anajua anatazama wapi: baridi ikimpiga usoni, anaelekea gizani.

Wakati wao nimeupata kwenye TRAPPIST-1, mfumo ulioko umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, ambao mwaka 2017 ulitangazwa kuwa na sayari 7. Zimebanana mno, moja inazunguka kwa siku 6.1 na inayofuata kwa siku 9.2, yaani ya ndani ikienda mara 3, ya nje imekwenda mara 2. Anga la huko lina jirani anayeonekana mkubwa kuliko Mwezi wetu nyakati fulani, na anarudi karibu kila baada ya mizunguko 3. Wakando husema "jirani akirudi" pale ambapo sisi tungesema wiki ijayo.

Lakini kilichovunjika kweli ni kitabu chetu cha kanuni. Kinasema mhusika hupona jeraha 1 kila alfajiri. Tulikiandika wenyewe na hakuna aliyekishtukia. Kwenye sayari hii mhusika hatapona kamwe! Nimetafuta dawa kwenye mwili wao. Nyota vibete nyekundu hulipuka miale mara kwa mara, na mwili wa Mkando, uliozoea kuchomwa, hujitengeneza ukiwa gizani na baridini. Basi kupona ni safari. Umbali wa kutembea kuelekea gizani ndio kipimo cha jeraha: dogo, saa moja ya njia, kubwa, mpaka barafu. Aliyeumia sana hubebwa, na anayembeba huingia baridi ile ile. Wachezaji wameuliza kama kanuni hiyo inaweza kutumika kwa spishi zote. Nimekataa. Ni ya Wakando.

Siku ya 121

Faili la kwanza kamili: kurasa 91. Spishi 5 za kuchezwa, bonde la Ulimo, na kurasa za ramani. Bado picha 3, faharasa, na kusoma upya sura ya Kengeme, ambayo sasa naiona ndefu katikati. Kurasa 5 zilizobaki nitaziacha tupu zenye mistari, mchezaji aandike salamu, nyimbo na majina ya spishi yake mwenyewe.

Swali lililobaki lilikuwa la sarufi. Tangu mwanzo niliandika "Oruvi alisema", umoja, kwa sababu ni kiumbe mmoja. Mhariri wetu aliniuliza kwa nini, kama mikono ina matakwa yake, nisiandike "walisema". Jinsia haikuwahi kunisumbua katika kitabu hiki, *yeye* anawatosha hata Tisuri wanaobadilika jike na dume. Ila umoja na wingi ulinikwamisha. Nilijaribu ukurasa mmoja kwa umoja na mmoja kwa wingi, na zote mbili zilisikika za uongo.

Jana tulicheza kikao cha mwisho cha majaribio. Yule mchezaji aliyenyamaza siku ile alimchukua Oruvi tena, kwa hiari yake. Walifika kwenye mkataba wa amani, wino umewekwa mezani, mkono umegusa karatasi, na jirani akasema "sitaki". Mchezaji akamtazama msimamizi, aliyecheza upande wa pili wa mkataba, na kusema:

"Mimi nimekubali. Hatujakubali."

Sentensi hiyo sasa ndiyo inayofungua sura yao, na sarufi ya kurasa zote 15 nimeirekebisha ifuate: kichwa kinasema *ni-*, mwili unasema *tu-*, na vikitofautiana, vyote viwili vinaandikwa.